Barua ya wazi kwa wakuu wa shule na bodi za shule: tuzo zihesabiwe kabla turubai halijafungwa

Kwenu wakuu wa shule na wajumbe wa bodi za shule za sekondari, Tanzania,

YAH: UTOAJI WA TUZO ZA WANAFUNZI KWENYE MAHAFALI

Salamu nyingi. Msimu wa mahafali ya kidato cha nne, Septemba na Oktoba, unajulikana hata kwa mpita njia: turubai uwanjani, spika mbili ndefu kama milango, na wahitimu wanaofanya mazoezi ya kutembea kwa madaha huku Novemba na mtihani wake wa taifa ikiwa imebaki wiki chache. Sisi tunaoandika ni walimu wa taaluma, walimu wa darasa na wazazi ambao hukaa kwenye kamati zinazoandaa siku hiyo. Tuna ombi moja, na mengine yote humu ndani ni maelezo yake: kanuni za kumpata mshindi wa kila tuzo ziandikwe na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo kabla alama hazijaingia kwenye mkeka, yaani jedwali la alama za wanafunzi wote.

Kinachofanyika sasa katika shule nyingi mnakijua. Kamati hukaa vikao chungu nzima kujadili turubai, keki, muziki na chakula cha meza kuu. Orodha ya tuzo huachiwa mwalimu mmoja mwenye kompyuta mpakato, usiku wa kuamkia sherehe, naye ndiye anayeamua peke yake nini maana ya "mwanafunzi bora". Hana nia mbaya, ila usingizi umemjaa na anatakiwa apeleke orodha kwa mshereheshaji saa mbili asubuhi.

Tuanze na swali linaloonekana jepesi: nani kashika namba ya kwanza? Kuna njia tatu za kulijibu na kila moja inaweza kutoa mtoto tofauti. Mwanafunzi mwenye masomo tisa aliyepata jumla ya alama 639 ana wastani wa 71. Mwenzake mwenye masomo manane na jumla ya 600 ana wastani wa 75. Ukipanga kwa jumla, wa kwanza anashinda kwa sababu tu amebeba somo moja zaidi. Ukipanga kwa wastani, anashinda wa pili. Ukipanga kwa pointi kama wanavyofanya Baraza la Mitihani, yaani masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5, jibu linaweza kugeuka tena. A ya kidato cha nne inaanzia 75. Mtoto aliyepata 75 juu ya 75 katika masomo yote saba ana pointi 7. Mwingine aliyepata 98 katika masomo sita na 74 katika moja ana pointi 8, ingawa amemzidi mwenzake kwa alama 137. Mzazi wake akija ofisini Jumatatu na makaratasi mkononi, mtamjibu nini kama kanuni haikuandikwa popote?

Sisi tungechagua wastani wa masomo yote, kwa desimali mbili, kwa wanafunzi waliofanya mitihani yote ya masomo waliyosajiliwa. Pointi ziachiwe kazi yake ya kupanga madaraja. Shule ikiona vingine, sawa, mradi iandike mapema. Iandike pia ni mtihani gani unaohesabiwa: moko (mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa) peke yake, au moko pamoja na muhula wa kwanza na mwaka wa kidato cha tatu, na kila mmoja unabeba asilimia ngapi. Moko peke yake humpa ushindi aliyeamka vizuri wiki hiyo.

Sasa mkeka wenyewe. Makosa yanayomtangaza mtoto asiye mshindi ni yaleyale kila mwaka, na matatu kati yao hutokea ndani ya Excel.

La kwanza ni la mtoto ambaye hakufanya mtihani. Mwalimu wa somo anaandika ABS kwenye kisanduku, au anakiacha wazi. Kanuni ya wastani ya Excel hairuki mtu, inaruka kisanduku. Aliyefanya masomo sita kati ya manane, akapata 78, 74, 80, 70, 76 na 72, anapewa wastani wa 75 safi, na kumpita aliyefanya yote manane, Hisabati na Fizikia zikiwemo, akapata 73. Ukiweka sifuri badala ya ABS unamzamisha aliyekuwa amelazwa hospitali. Dawa ni kuongeza safu moja pembeni ya wastani inayohesabu masomo yaliyofanywa. Yeyote ambaye namba yake haijatimia anaondolewa kwenye ushindani wa jumla, lakini anabaki kwenye tuzo za masomo aliyoyafanya.

La pili ni la kupanga. Mwalimu anaichagua safu ya wastani peke yake na kuiamuru ipangike kutoka juu kwenda chini. Programu humuuliza kama ipange na safu za jirani. Mwenye haraka anabonyeza kuendelea na aliyoichagua. Pale pale wastani unahama na majina yanabaki, na hakuna rangi nyekundu wala kengele ya kumjulisha. Kila mtu sasa ana wastani wa mwenzake. Kabla ya kuchapa chochote, chukua majina matano popote kwenye orodha, tafuta karatasi zao za alama zilizosainiwa na walimu wa masomo, jumlisha kwa mkono. Kazi ya dakika kumi.

La tatu ni sare. Wawili wakifungana nafasi ya 2, kompyuta inatoa 1, 2, 2, 4. Mshereheshaji anatafuta wa tatu, hamuoni, anamtangaza wa nne kuwa ndiye wa tatu, au anamwacha mmoja wa wale wawili kwa kuwa zawadi ya pili ni moja. Andikeni kabisa: waliofungana wote hupewa zawadi ya nafasi ile, na nafasi inayofuata hairithiwi. Nunueni zawadi moja ya ziada kwa kila nafasi. Isipotumika itasubiri mwaka ujao, daftari halichachi.

Mkeka ukishakamilika ubandikwe kwa siku tatu ukiwa na alama tu na namba za wanafunzi, bila majina, bila nafasi, ili kila mmoja ahakiki mstari wake. Wengi watakuja kulalamika bure. Wawili watatu watakuja na karatasi ya Jiografia iliyojumlishwa vibaya, na hao ndio mliokuwa mkiwatafuta.

Tuzo tunayoipenda kuliko zote, na inayoharibiwa kuliko zote, ni ya aliyepanda zaidi. Ikitolewa vizuri ndiyo pekee inayomfikia mtoto wa katikati ya darasa, yule ambaye jina lake halijawahi kusomwa kwenye kipaza sauti isipokuwa siku ya kudaiwa fagio. Tatizo ni kwamba shule nyingi huchukua alama ya mtihani wa mwisho, hupunguza ya mtihani wa kabla yake, basi. Tazama watoto wawili. Mmoja amepata 31, halafu 12 kwa sababu alifanya mtihani ana malaria, halafu 33. Mwingine amepata 34, halafu 38, halafu 47. Kwa hesabu ya mtihani mmoja nyuma, wa kwanza amepanda alama 21 na anabeba zawadi, ingawa yuko palepale alipokuwa mwanzo wa mwaka. Wa pili, aliyekwea ngazi kwa ngazi, amepanda 9 na anaondoka mikono mitupu. Chukueni mitihani mitatu. Kianzio kiwe alama ya juu kati ya ile miwili iliyotangulia. Hapo wa kwanza anakuwa na 2, wa pili ana 9, na ukweli unaonekana.

Na tuzo hiyo isiwe moja kwa shule nzima. Iwe moja kwa kila mkondo. Aliyetoka 88 hadi 91 naye amefanya kazi, pengine kubwa kuliko aliyetoka 40 hadi 50, lakini huyo tayari ana tuzo zake nyingine.

Hapa tuseme neno kuhusu motisha ya walimu, maana hutolewa siku ileile jukwaani. Shule nyingi hulipa kwa kila A. Mwalimu ni binadamu. Ukimlipa kwa A atawakazania wale watano wanaokaribia A. Hisabati ndilo somo ambalo watahiniwa wengi huanguka kila mwaka nchini, na kumtoa mtoto kwenye F, yaani kumvusha alama 30, ni kazi ya usiku mwingi isiyo na bahasha. Gaweni fungu mara mbili: nusu kwa A na B, nusu kwa kupungua kwa F ukilinganisha na mwaka uliopita. Bodi zina mamlaka ya kulipendekeza hili, na halihitaji hata senti ya nyongeza.

Wapo watakaosema tuzo zote zifutwe, kwa kuwa hata Baraza la Mitihani liliacha kutaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Januari 2023. Mantiki ile tunaiheshimu: watoto waliosoma katika mazingira tofauti mno wasipangwe mstari mmoja. Ndani ya shule moja watoto wamekaa chini ya paa moja na kufundishwa na walimu walewale, kwa hiyo kulinganisha kuna maana zaidi. Tunachokataa ni kusoma orodha hadi chini. Aliyeshika mkia asitajwe, asisimamishwe, asifanyiwe utani na mshereheshaji. Utani huo ungalipo mahali pengi na watu hucheka.

Jambo lingine ni kalenda, ambalo tunaona halijafikiriwa vya kutosha. Mahafali hufanyika kabla ya mtihani wa taifa, na matokeo hutoka Januari, wahitimu wakiwa wametawanyika. Kwa hiyo tuzo za Oktoba ni za mitihani ya ndani na ya kanda, na cheti kiseme hivyo: mtihani gani, mwaka gani, wastani gani. Cheti kinachoandika "Mwanafunzi Bora wa Kidato cha Nne" bila maelezo hakimsaidii mtoto mbele ya mtu yeyote makini. Kwa wale waliofanya vizuri mtihani wenyewe, waiteni kwenye mahafali ya mwaka unaofuata. Wanakuja na tai za shule zao mpya za kidato cha tano, wanapokea mbele ya wadogo zao, na wadogo wanawaona kwa macho. Gharama yake ni nauli na sahani ya pilau. Kidato cha kwanza na cha tatu wapewe zao siku ya kufunga shule, baada ya mtihani wa mwisho wa mwaka, kwenye mstari wa kawaida bila turubai. Kidato cha pili wasubiri matokeo ya upimaji wao wa kitaifa, wapewe Februari.

Tuzo zisizo za darasani zinahitaji kumbukumbu zaidi kuliko za darasani. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, huchezwa katikati ya mwaka. Ikifika Oktoba aliyekimbia mita 1500 hadi ngazi ya mkoa ameshasahaulika, isipokuwa mwalimu wa michezo amemwandika wiki ileile. Vivyo hivyo washiriki wa mashindano ya insha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika), au wa maonesho ya wanasayansi chipukizi: weka faili moja, kila tukio karatasi moja.

Mahudhurio yanahesabika vizuri kutoka kwenye rejesta, ila msidai asilimia 100. Mtoto atakuja na surua aambukize mkondo mzima kwa ajili ya kamusi. Mwaka wa masomo una siku 194. Asilimia 95 maana yake ni kutokosa zaidi ya siku 9. Kwa kidato cha nne hesabuni hadi siku ya moko tu na mpunguze kwa uwiano. Tuzo ya nidhamu, kwa upande mwingine, huishia mikononi mwa kaka mkuu au dada mkuu kwa mazoea. Walimu wote wapige kura ya siri kwa majina matatu, na viongozi wa serikali ya wanafunzi wawe na tuzo yao ya uongozi pembeni.

Na msichana akiwa wa kwanza kwa wote, atangazwe wa kwanza kwa wote. Kumpa tuzo ya "bora wa kike" halafu kumsogeza mvulana wa pili kwenye kiti chake ni jambo ambalo hatukutarajia kuliandika, lakini hutokea.

Kuhusu fedha. Elimu ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za umma ni bila ada tangu 2016, na mchango wa mahafali ni wa hiari hata kadi iwe na dhahabu pembeni. Mtoto ambaye mzazi wake hakuchanga asinyimwe tuzo wala cheti, wala asiambiwe apokelee nyuma ya ofisi. Njia rahisi ya kulilinda hili ni kununua zawadi na kuchapa vyeti kwanza, kabla ya kumlipa mtu wa muziki. Bajeti inayoanza na turubai humalizikia kwenye zawadi, na ndiyo maana tunaona boksi kubwa lililofungwa kwa karatasi ya kumeremeta, mama analifungua nyumbani kwa uangalifu asichane karatasi, na ndani kuna daftari mbili na peni.

Zawadi nzuri ni ile ambayo mtoto ataitumia mwezi ujao. Kwa anayesubiri kidato cha tano, fomu ya kujiunga itamdai rimu, ndoo, shuka, godoro, tranka. Tranka kwa mshindi wa jumla ni zawadi kubwa kuliko kombe la plastiki lenye rangi ya dhahabu linalobanduka. Kwa mwanafunzi wa kutwa anayebaki shuleni, taa ya sola, kaunta buku nne au mkebe wa hesabu. Fedha taslimu ziwe kwenye bahasha iliyofungwa, kiasi kisitangazwe, na mzazi asaini daftari la kupokea. Ahadi za mgeni rasmi ziandikwe palepale na katibu wa bodi, pamoja na namba ya kufuatilia na tarehe. Ahadi iliyopigiwa makofi bila kuandikwa ikifika Desemba hakuna anayeikumbuka.

Vyeti: karatasi iwe nzito, ya gramu 160 au zaidi, ya gramu 80 ya fotokopi hujikunja kwenye jasho la mkono wa kwanza. Sahihi na mhuri vitangulie, wino ukauke, ndipo kipelekwe kufanyiwa laminesheni. Kila mwaka kuna shule inayofanya kinyume, na mhuri juu ya plastiki hufutika kwa kidole gumba. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye usajili wa mtihani, na kila mwanafunzi ahakiki lake kwa kusaini wiki mbili kabla. Mshereheshaji apewe orodha iliyochapwa kwa herufi kubwa, akae na mwalimu wa darasa ayasome yote kwa sauti. Jina lenye ng' likisomwa kama ng ya ngoma, uwanja mzima hucheka, na anayechekwa ni mtoto.

Jukwaani hesabu ni ya sekunde. Mwanafunzi anayeitwa kutoka kitini hutumia zaidi ya dakika moja kufika, kupokea, kupigwa picha na kushuka. Akiwa tayari kwenye foleni chini ya jukwaa, hutumia kama nusu dakika. Tuzo 60 kwa sekunde 75 ni saa moja na robo. Kwa sekunde 30 ni nusu saa. Wapangeni kwenye foleni kwa utaratibu uleule wa vyeti mezani, kila mmoja ameshika kikaratasi chenye namba yake. Anayekosekana, namba yake hurukwa na mwalimu wa mezani huchomoa cheti chake na kukiweka chini ya rundo. Asipofanya hivyo, kuanzia hapo kila mtoto anapokea cheti cha jirani yake, na mtagundua wakati wa picha ya pamoja. Mwenye tuzo za masomo matano aitwe mara moja, yasomwe yote matano, ashuke. Kama kuna anayetumia kiti cha magurudumu au magongo, meza ya zawadi iwekwe chini, usawa wa ardhi, kwa wote. Asifuatwe yeye peke yake.

Halafu kuna mgeni rasmi. Ameandikwa saa nne, amefika saa sita na nusu. Risala ya wahitimu inasomwa, taarifa ya shule inasomwa, hotuba inatolewa, jua la saa nane linawaka, na mshereheshaji anatangaza kwamba kutokana na ufinyu wa muda tuzo za masomo zitatolewa darasani Jumatatu. Wazazi waliosafiri kuona tukio hilo tu wanaangalia viatu vyao. Gaweni shughuli: tuzo za masomo, mahudhurio na michezo zianze saa nne kamili, zikitolewa na mwenyekiti wa bodi, mgeni awe amefika au hajafika. Abakiziwe kumi tu: washindi wa jumla, waliopanda na wale wa mwaka jana. Hata yeye atashukuru.

Ratiba inayowezekana, tukihesabu nyuma kutoka siku ya mahafali: kanuni zibandikwe kabla ya moko kuanza, alama zifungwe wiki nne kabla, mkeka ubandikwe na kuhakikiwa wiki ya tatu, majina yasainiwe wiki ya pili, vyeti vichapwe wiki ya mwisho, na Ijumaa mchana foleni ifanyiwe mazoezi mara moja na vyeti halisi mezani. Mwalimu wa taaluma apewe msaidizi mmoja wa kuhakiki, na apunguziwe vipindi wiki ile ya mkeka.

Kikao chenu cha kwanza cha bodi kwa mwaka ujao kikiitishwa, tunaomba ajenda hii iwe juu ya ile ya turubai. Rasimu ya kanuni ya ukurasa mmoja itawasilishwa kwa katibu na mwalimu wa taaluma wa shule yenu. Ikijadiliwa na kusainiwa, inatosha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Walimu wa taaluma, walimu wa darasa na wazazi wajumbe wa kamati za mahafali